Ukiitwa shule kupanga masomo ya mtoto mwenye mahitaji maalum, usiende na ripoti ya hospitali peke yake

Ikifika Oktoba, ule muda shule za serikali zinaanza kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza, simu yangu inakuwa haitulii. Anapiga mama wa Rau, anapiga baba wa Kibosho, mwingine namba kapewa na watu wa kliniki, na swali ni lile lile, "kaka, nasikia wa kwako walimpokea shule, ulipeleka karatasi gani?" Wanategemea niwatajie fomu fulani waende wakaichukue. Hamna fomu bana. Karatasi iliyomsaidia kijana wangu tuliiandika wenyewe nyumbani kwenye daftari la kawaida la shule, mke wangu ndo aliandika sehemu kubwa, kazi yangu mimi ilikuwa kubisha.

Mi ni fundi seremala, karakana yangu iko Pasua hapa Moshi. Kijana wetu ana mtindio wa ubongo, miguu inakaza, mkono wa kulia haumtii vizuri, kuongea anaongea ila taratibu na mgeni lazima awe na subira ndo amwelewe. Kichwa kinafanya kazi vizuri tu, tena ana kumbukumbu ya kukukera, ukimuahidi chipsi Jumatano ujue Jumatano utadaiwa mbele za watu. Saivi yuko darasa la tatu, shule ya serikali, anakaa darasa la kawaida na wenzake.

Miaka ya kwanza nizipitie haraka maana wengi mnaijua hiyo njia. Alizaliwa kwa shida, hakulia, mwaka na nusu bado hajakaa. Ndugu kila mmoja na lake, shangazi yuko na maombi, babu yake kule Uru anasema kuna jambo la ukoo halijatengenezwa, na kote huko hela inatoka. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ndo walitupa jina la tatizo, wakatuunganisha na watu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, na wale wa tiba kazi, wanaomfundisha mtoto kushika kijiko, kuvaa shati, kushika kalamu. Hizo fani zinafundishwa hapo hapo KCMC kwa hiyo utakuta wanafunzi kibao wanamzunguka mwanao. Usikasirike. Waulize maswali, mara nyingi wana muda kuliko wakubwa zao. Matibabu yenyewe hayakutumaliza sana maana tulikuwa na Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto, enzi hizo sh. 50,400 kwa mwaka, kilichotumaliza ni nauli, mtoto wa kubeba mgongoni huwezi kumsukumia kwenye hiace ya saa moja asubuhi, unachukua bajaji kwenda na kurudi na ukichelewa foleni siku nzima imeenda na kazi za watu zimelala.

Sasa shule. Ya kwanza tuliyoenda siitaji. Mwalimu alitupokea vizuri, akatupa viti, akamwangalia mtoto, akasema, "Mzee, huyu mngempeleka kule kwa wenzake." Nikamuuliza mwalimu, kule ni wapi? Akasema yeye hajui vizuri ila zipo. Basi tukatoka na hilo neno "kule" kama anwani.

Baadaye nikaja kuelewa kuna njia tatu na inabidi uzijue kabla hujaingia ofisi ya mtu. Kuna shule maalum, nyingi za bweni. Kuna kitengo, yaani shule ya kawaida ambayo ndani yake ina darasa la watoto wenye mahitaji maalum na walimu wake waliosomea. Halafu kuna darasa la kawaida kabisa, mtoto anasoma na wenzake ila anapewa msaada, hapa Moshi shule ya msingi Mwereni wamekaa miaka mingi na wanafunzi wasioona wakisoma pamoja na wanaoona, kwa hiyo mtu asikwambie haiwezekani. Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtoto. Binti wa jirani yetu ana usonji, kelele za watoto themanini zingemmaliza, kitengo kimemfaa sana. Wa kwangu anapenda watu, ukimtenga ananyamaza, na mama yake alisema mapema kabisa bweni haendi, hilo halikuwa na mjadala.

Na ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma shule za kawaida kama wengine na apewe msaada anaohitaji. Ijue, iweke kichwani, ila usianze nayo mazungumzo. Mwalimu mkuu ukimsalimia kwa vifungu vya sheria atakupokea mtoto kwa sababu hana jinsi, halafu mtoto atakaa nyuma ya darasa mwaka mzima anaangalia ukuta. Ukikataliwa kabisa ndo unapanda juu, kwa afisa elimu kata, halafu kwa afisa wa elimu maalum wa halmashauri, wengi hawajui kama huyo mtu yupo. Na ujue uko halmashauri gani! Moshi kuna Manispaa na kuna Halmashauri ya Wilaya, mtu wa Kibosho anapanga foleni Manispaa asubuhi nzima anaambiwa siyo hapa. Arusha ndo usiseme, kuna Jiji, kuna Arusha DC, kuna Meru. Sisi tulimfikia huyo afisa na yeye ndo alitwambia shule ipi mwalimu mkuu wake ni msikivu, na akatwambia tuombe kikao cha kumpangia mtoto mpango wake wa elimu, walimu wenyewe wanauita IEP.

Hapo ndo nikatoa ile ripoti ya hospitali nikamuonyesha kwa kujiamini. Akaisoma, akasema ni nzuri, halafu akaniuliza, "Mwalimu akishaisoma hii, Jumatatu asubuhi afanye nini?" Nikakosa jibu. Ripoti inasema misuli imekaza kiasi gani, viungo vinakunja nyuzi ngapi, haisemi kitu kuhusu mtoto akiwa darasani. Daktari hakukosea, alimwandikia daktari mwenzake.

Kliniki iliyofuata nikamwomba yule dada wa tiba kazi, daktari naomba unisaidie, mwalimu afanye nini na huyu mtoto? Akacheka, akachukua karatasi akaniandikia kwa Kiswahili mistari michache. Akae miguu ikikanyaga chini yote, isining'inie. Meza ifike usawa wa kiwiko. Akae mbele katikati, asigeuze shingo kutafuta ubao. Kazi ya kunakili ubaoni apunguziwe, mambo anayoyajua aulizwe kwa mdomo. Akianza kujibu asikatishwe. Hiyo karatasi ilitusaidia kuliko faili zima. Kama una mtoto kliniki, hata wiki hii, omba hiyo karatasi, usisubiri mpaka ukishaitwa shule, maana tarehe ya kliniki unaweza kupewa ya mbali.

Nyumbani ndo tukaanza lile daftari. Kila siku tunaandika kuanzia anaamka mpaka analala, kipi anafanya mwenyewe, kipi anasaidiwa, kipi hakiwezekani kabisa, anakaa muda gani kabla hajachoka, akichoka anafanyaje, nini kinamkasirisha na nini kinamtuliza. Ugomvi haukukosekana. Mi nikisema anavaa shati mwenyewe, mama yake anadakia, "Nani kakwambia? Wewe unaondoka saa kumi na mbili, vifungo namfunga mimi." Yeye akisema hawezi kubeba kikombe, nasema karakana ananiletea msumari mmoja mmoja kwenye kopo na haumwagiki. Kumbe wote tulikuwa sahihi, anaweza kubeba akiwa na kitu chenye mkono mpana, hawezi kikombe kidogo. Hilo tukaliandika hivo hivo. Wazazi wengi wakikaa peke yao kuandika wanaenda upande mmoja, au mtoto anaweza kila kitu kwa sababu unampenda, au hawezi chochote kwa sababu unaogopa shule itasema umedanganya. Mkiwa wawili mnaobishana ukweli unatoka.

Tukamuuliza na dada yake, yeye ndo anamwelewa akiongea kuliko sisi wote. Akasema kitu ambacho mimi sijawahi kukiona, kwamba ukimuuliza swali la wazi anahangaika, ila ukimpa majibu mawili achague anajibu fasta. "Unataka nini" inachukua muda, "uji au chai" hapo hapo. Mwalimu wake mpaka leo anatumia hiyo mbinu, na ilitoka kwa mtoto wa darasa la tano.

Kisha tukapunguza. Daftari zima likawa ukurasa mmoja. Hapa naomba mnielewe, uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, nyie mnajua hali ilivyo, darasa la kwanza letu lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, huyo mwalimu hana muda wa kusoma kurasa kumi za mwanao hata akiwa na roho ya malaika. Ukurasa mmoja ataubandika ndani ya daftari lake la maandalio.

Mtandaoni ukitafuta utakutana na mifano ya Marekani mingi sana. Kule ni sheria tangu mwaka 1975, shule ya umma lazima imwandikie mtoto mpango, mzazi ni mjumbe wa kikao, mpango unapitiwa angalau mara moja kwa mwaka na usiporidhika una mahali pa kudai. Kuna baba namfahamu alichapisha hizo fomu zao, rundo zima, stationery wakamla hela nzuri tu, akampelekea mwalimu mkuu. Zikapokelewa kwa heshima zote, zikalala kabatini. Kinachofaa kuchukua kule ni mgawanyo tu, yaani mtoto anaweza nini sasa hivi, tunataka afike wapi na lini, nani atafanya nini, na tutajuaje kama amefika. Hayo manne yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari bila shida.

Kikao kiombe katikati ya wiki, baada ya vipindi vya asubuhi. Jumatatu ofisi ya mwalimu mkuu inakuwa imejaa kesi za wiki iliyopita. Sisi tulikuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mimi na mke wangu, na mwalimu wa elimu maalum aliyetoka shule ya jirani yenye kitengo, yule afisa ndo alimwomba aje. Huyo alikuwa amepita Patandi, kile chuo cha ualimu wa elimu maalum pale Tengeru, na tofauti unaiona, wenzake wanauliza "ana tatizo gani", yeye anauliza "akitaka kwenda chooni anasemaje?" Kama shule yenu haina mtu wa hivo, uliza kwa afisa yupo wapi wa karibu, wapo wengi waliosomea Patandi wamepangiwa shule za kawaida wanafundisha hisabati na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na wababa, nendeni. Nasema hili kwa sauti. Mke wangu alishaenda peke yake mara ya kwanza kabisa, akaulizwa baba yuko wapi, kabla hata ya shikamoo kuitikiwa vizuri. Siyo haki, ila ndivyo ilivyo, baba akikaa pale kikao kinabadilika.

Mtoto mwenyewe mpeleke mwanzoni, asalimie, wamwone, aonyeshe anachoweza, halafu atoke nje na dada yake. Watu wakianza kuzungumza shida zake juu ya kichwa chake anasikia yote. Wa kwangu alikaa dakika chache tu za kwanza na bado usiku akaniuliza, "Baba, mzigo ni mimi?" Kuna neno lilipita pale bila ubaya wowote, na yeye akalibeba. Nililala vibaya siku hiyo.

Kwenye malengo ndo kulikuwa na kazi. Mwalimu wa darasa, mama mzuri kwa kweli, alikuwa ameshaandika yake: ajitahidi kusoma, ashirikiane na wenzake, aboreshe mwandiko. Nikamwambia mwalimu, samahani, mi ni fundi, mteja akija akisema nitengenezee kabati zuri nampa nitakalojisikia, akija na vipimo nampa lake. Wakacheka wote na hapo ndo kikao kikaanza kweli. Tukaishia na malengo matatu mpaka Juni. Asome silabi za herufi mbili, kwa kutaja au kwa kuonyesha kidole, yoyote sawa. Aandike jina lake la kwanza kwa penseli nene, herufi zikiwa kubwa haina shida. Ainue mkono wa kushoto kuomba msaada badala ya kulia machozi. Mama yake alitaka tuongeze la kuhesabu mpaka mia, yule mwalimu wa elimu maalum akamwambia, dada, hayo matatu yakitimia tutakutana tena, tukiandika kumi hatutafanya hata moja. Aliudhika kidogo ila akakubali.

Chini ya kila lengo tukaandika jina la mtu. Siyo "shule" wala "wazazi". Jina. Tukasaini wote, nakala moja shuleni, moja nyumbani, moja kwa afisa elimu kata.

Kiti na meza nilitengeneza mwenyewe kwa ile karatasi ya kliniki, paina, playwudi, msasa na vanishi, mali haikufika elfu 60. Kama siyo fundi mpelekee fundi yeyote mtaani, ila mpelekee mtoto mwenyewe akapimwe, goti mpaka kisigino, na kiwiko akiwa amekaa, usimtajie umri wake. Weka na mkanda, mi nilitumia ule wa begi la mitumba kutoka soko la Memorial. Halafu andika jina la mtoto kwa rangi mgongoni mwa kiti, kubwa. Cha kwetu nilikikuta ofisini siku ya kikao cha kamati ya shule, kuna mzee mmoja mnene amekikalia kwa raha zake anachangia hoja.

Jambo ambalo halikuwa kwenye mpango, na sijaona mzazi akilitaja mpaka yamfike, ni choo. Vyoo vya shule ni vya kuchuchumaa na mtoto ambaye magoti yanakaza hawezi kuchuchumaa. Nyumbani tulishazoea kumshikilia, hatukuwaza. Mwezi wa kwanza anarudi kapauka, mkojo wa njano nzito, choo kigumu, tunadhani ni homa. Dada yake ndo alituambia, mdogo wake hanywi uji wa shule na maji hagusi, kwa sababu akinywa atataka kwenda na hajui aende na nani. Mtoto wa miaka saba amejipangia kukaa na kiu kutwa nzima.

Tukarudi shule tukaongeza kwenye ule ukurasa. Nikatengeneza kiti cha mbao chenye tundu kinachokaa juu ya shimo, na bomba la kushikilia ukutani, rafiki yangu wa kuchomelea alinifanyia kwa bei ya chuma tu. Shule ikatoa tundu moja la choo liwe la watoto wenye shida hiyo, maana kumbe alikuwepo na binti mwingine darasa la nne aliyevunjika nyonga, hakuna aliyemsemea. Na tukaandika nani anamsindikiza, mwalimu wa kiume anayejulikana kwa jina, na akiwa hayupo nani. Hilo msiliache liwe "atasaidiwa". Mtoto anayesaidiwa kuvua nguo ni lazima mzazi ajue mikono ya nani inamsaidia, na mtoto afundishwe kusema akiguswa asivyopenda, hata kama kusema kwake ni kutikisa kichwa. Ufunguo ulikuwa unapotea potea, saivi unakaa kwa mwalimu wa zamu.

Januari ya mwaka uliofuata mwalimu akabadilishwa, na huyu mpya hakuwa na habari yoyote, nakala ya shule imeenda na yule aliyehama. Wiki mbili kijana akawa amerudishwa nyuma ya darasa ananakili ubaoni kama wengine, analia. Hakuna aliyemfanyia ubaya, hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo sasa kila mwisho wa muhula wa pili, kabla shule haijafungwa, napeleka nakala mpya na naomba nijue mwakani darasa anachukua nani. Ikiwezekana nasalimiana naye hapo hapo.

Sasa hivi tunaandaa karatasi ya darasa la nne, maana kuna upimaji wa taifa, na kasi yake ya kuandika bado ni ndogo. Kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huwa wanawapa watahiniwa wenye mahitaji maalum muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na wenye uoni hafifu wanapata karatasi za maandishi makubwa. Lakini shule ndo inayoandika kwenye usajili kwamba mtoto ana mahitaji maalum, isipoandikwa siku ya mtihani msimamizi hana la kukusaidia. Nimeshamwona mwalimu wa taaluma, kaniambia nilete barua ya hospitali, na hapo ndo ile ripoti yenye nyuzi za viungo imepata kazi yake.

Kiti nimeanza kutengeneza kingine, miguu imerefuka. Kile cha zamani kiko karakana, kinamfaa mtoto wa awali mpaka darasa la kwanza, mkanda nimebadilisha. Mwenye mtoto wa kimo hicho aje naye akipime, siuzi.